Tiketi Imepatikana; Je, Dawa Zimefungwa?



Kila mwaka, Desemba inapokaribia na pia baada ya sikukuu, katika kliniki yetu ya presha na kisukari husikika maneno ya aina moja: "Nesi, mwezi ujao usiniandike. Mwanangu amenitumia nauli, nakwenda Dar es Salaam kuona wajukuu." Tunafurahi pamoja naye. Lakini sisi wauguzi tumejifunza, tena kwa uchungu, kwamba habari hiyo njema haitoshi kufurahiwa tu. Yatupasa kuuliza: Unasafiri kwa chombo gani? Umewahi kukipanda? Na dawa zako je?

Leo tunapenda kuzungumza na wale watakaopanda treni kwa mara ya kwanza, na hasa na watoto wao wanaowakatia tiketi.

Huenda mtu akashangaa kwamba hapa Moshi kuna mgeni wa treni. Reli hii ni ya zamani kuliko parokia zetu nyingi. Ujenzi wake ulianza Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911. Mwaka 1963 iliunganishwa na Reli ya Kati kwa kipande kinachoishia Ruvu, ikawezekana kwenda Dar es Salaam bila kupitia Tanga. Lakini katika miaka ya 1990 treni za abiria ziliacha kuja. Zilirudi Moshi Desemba 2019, na mwaka 2020 zikafika Arusha. Katikati hapo ni zaidi ya miaka ishirini. Vijana wengi wa Kibosho, Kilema na Rombo walikua bila kuona behewa la abiria, na mama zao walizoea basi tu.

Maoni yetu ni haya: kwa mzee, treni ni chombo kizuri kuliko basi. Ndani ya treni mtu anaweza kusimama, kunyoosha miguu na kutembea ujiani. Tena treni ina choo. Katika basi abiria hubanwa mpaka dereva akubali kusimama ili watu "wakachimbe dawa" vichakani. Lakini uzuri huo hauna faida kwa msafiri asiyeufahamu. Mgeni wa treni husafiri kwa woga, na woga huo humfanya ajidhuru mwenyewe.

Tuwasimulie kisa kimoja. Mama mmoja wa huku juu mlimani, mwenye umri wa miaka sitini na kitu, alikuwa akihudhuria kliniki ya presha bila kukosa. Mwanawe alimkatia tiketi. Nyumbani kulikuwa na pilikapilika za siku tatu: ndizi zikakatwa, maharage yakapepetwa, kitenge kipya kikashonwa. Mama huyo alikuwa akimeza dawa ya presha inayoongeza mkojo. Alisikia kwamba choo cha treni hutikisika na kwamba ni lazima kupita mbele ya wanaume ili kukifikia. Basi akaamua jambo bila kumwambia mtu. Siku mbili kabla ya safari aliacha dawa zote, na siku ya safari hakunywa maji tangu adhuhuri.

Asubuhi alipofika Dar es Salaam mkono wake wa kulia ulikuwa mzito na maneno yalimtoka kwa shida. Mwanawe alidhani ni uchovu wa safari. Alimpeleka nyumbani, akamlaza apumzike. Mpaka jioni walipokwenda hospitali, saa za thamani zilikuwa zimepotea. Ashukuriwe Mungu, mama huyo yu hai, lakini mkono ule haujarudi kama zamani.

Hatuwezi kusema kwa hakika kwamba kuacha dawa siku mbili ndiko kulikoleta kiharusi. Tunachojua ni kwamba presha isiyotibiwa ni chanzo kikubwa cha kiharusi, na kwamba mwili uliokosa maji usiku kucha unazidi kuelemewa. Aliporudi kwetu tulimwuliza, "Mama, kwa nini hukutuuliza?" Akatujibu kwa upole, "Na ninyi je, mbona hamkuniuliza?"

Jibu hilo limetukaa moyoni. Tulikuwa tumemfundisha kumeza dawa kila siku asubuhi. Hatukuwahi kumfundisha afanye nini siku ambayo si kama siku nyingine. Kwa hiyo tunayoyaandika hapa ni sehemu ya kulipa deni letu.

Wiki moja kabla ya safari

Fika kliniki na kadi yako. Mweleze muuguzi siku ya kuondoka na siku ya kurudi, upewe dawa za kutosha siku zote hizo na ziada ya wiki moja, maana kurudi huweza kuchelewa. Kama unameza dawa ya kuongeza mkojo, uliza saa ya kuimeza siku ya safari. Kwa kawaida treni ikiondoka alasiri, dawa iliyomezwa alfajiri huwa imekwisha kufanya kazi kubwa mtu akiwa bado nyumbani. Tatizo linatatuliwa kwa swali moja tu, bila kuacha dawa.

Mwenye kisukari asifunge dawa zake kwenye mzigo mkubwa. Insulini ikae katika mkoba wa mkononi, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa kibichi, mbali na jua. Isigusane na barafu. Vilevile awe na sukari au glukosi mfukoni, kwani treni ikichelewa chakula nacho huchelewa.

Wapo ndugu zetu wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Tunafahamu kwamba wengine huziacha nyumbani kwa hofu kwamba vidonge vitalia ndani ya kopo na jirani atauliza. Weka pamba safi juu ya vidonge; havitalia. Usikose dawa hata siku moja kwa ajili ya macho ya mtu ambaye hutamwona tena.

Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu kabla ya kwenda kukaa usiku kucha na watu wengine katika behewa moja. Mama mjamzito aliyeingia miezi ya mwisho asiende. Reli hupita sehemu ndefu zisizo na makazi, na uchungu ukianza usiku wa manane kati ya stesheni na stesheni, hakuna wa kumsaidia ila abiria wenzake.

Usisahau kuuliza stesheni yenyewe siku na saa ya treni. Ratiba hubadilika, na mvua za masika zimewahi kuikata njia. Usitegemee aliyesafiri mwaka jana.

Chakula na maji

Wachagga tuna chakula kizuri, ila si kila chakula kinasafiri. Mtori, kiburu na kitawa vilivyopikwa asubuhi vitakuwa vimechacha kabla ya usiku kwa joto la Same na Korogwe. Kula hivyo nyumbani, ushibe kabla ya kuondoka. Njiani chukua ndizi mbivu, machungwa, mkate, mayai ya kuchemsha yenye maganda yake, au karanga. Mayai yaliwe jioni ileile, yasingojee asubuhi. Nyama na maziwa viache.

Chukua maji yaliyochemshwa, lita moja na nusu kwa mtu mmoja, na unywe kidogo kidogo njia nzima. Mgonjwa wa moyo au wa figo aliyepimiwa kiasi cha maji na daktari afuate kiasi hicho. Beba pia sabuni, karatasi za chooni na kitambaa safi. Chakula au kinywaji cha mtu usiyemjua, hata akiwa mkarimu namna gani, kikatae kwa adabu. Watu wamewahi kuleweshwa safarini kwa biskuti na soda, wakaamka hawana kitu.

Ndani ya behewa

Ukiisha kukaa, mwombe mhudumu wa behewa akuonyeshe choo kungali mchana. Hakuna aibu hapo. Nenda mara moja bila haja yoyote, uone mlango unavyofungwa na chuma cha kushika kilipo. Usiku utakwenda bila hofu. Katika mabehewa ya zamani uchafu huangukia relini, kwa hiyo choo kisitumiwe treni ikiwa imesimama stesheni.

Usikae mkao mmoja mpaka asubuhi. Kila baada ya saa moja au mbili simama, tembea ujiani huku ukishika viti. Na ukiwa umekaa, zungusha nyayo na kukunja vidole vya miguu. Damu inayotulia miguuni kwa saa nyingi huweza kuganda. Mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya safari, au pumzi ikikata ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Usisimame mlangoni, usitoe kichwa wala mkono dirishani, na usishuke kununua kitu kama hujui treni itasimama kwa muda gani. Kamwe usidandie treni iliyoanza kuondoka. Mtoto mdogo awekewe mfukoni karatasi yenye jina lake na namba ya simu ya mzazi.

Mbu hawakati tiketi

Sisi wa mlimani tuna jambo jingine la kuangalia. Huku juu penye baridi malaria ni chache, na miili yetu, hasa ya watoto wetu, haikujizoesha nayo. Treni inatushusha katika usiku mmoja hadi kwenye joto la Mombo, Korogwe na pwani, ambako malaria ni nyingi zaidi. Vaa nguo za mikono mirefu jua likizama. Beba chandarua chako chenye dawa, usingoje kukikuta kwa mwenyeji. Homa ikitokea wakati wowote katika miezi mitatu baada ya safari, nenda ukapimwe damu mara moja na umweleze mhudumu kwamba ulishuka pwani. Asipoambiwa, huenda akadhani ni mafua ya baridi ya mlimani.

Kwa wanaopokea wageni

Nanyi watoto mnaokaa mijini, tunawashukuru kwa kuwakumbuka wazazi. Lakini kutuma nauli kwa simu ni nusu ya kazi. Mpigie mama siku mbili kabla, umwulize amefunga dawa gani. Ikiwezekana mkatie tiketi ya kulala, na asisafiri peke yake. Anapofika, kabla ya kuuliza habari za ndizi, mtazame. Mwombe atabasamu, ainue mikono yote miwili, aseme jina lake. Uso ukipinda, mkono ukianguka au maneno yakivurugika, huo si uchovu wa safari. Ni kiharusi, naye apelekwe hospitali saa ileile.

Jumuiya zetu

Tumalizie kwa kusema jambo ambalo huenda likawakera wengine. Jumuiya zetu ndogondogo za Kikristo ni hodari sana kwenye misiba. Mtu akifariki Dar es Salaam, usiku uleule michango imekusanywa na gari la kumleta nyumbani limepatikana. Hilo ni jema, nasi tunaona fahari juu yake. Lakini tunauliza: mtu huyohuyo alipokuwa akiondoka akiwa mzima, nani alikwenda kumwaga? Nani alimwuliza kama amefunga dawa, kama anajua choo cha treni kilivyo, kama ana maji? Kazi hiyo haihitaji mchango hata wa shilingi mia. Inahitaji jirani mmoja na nusu saa.

Katika Kitabu cha Tobiti tunasoma juu ya Tobia kijana aliyetumwa safari ya mbali asiyoijua njia yake. Baba yake hakuridhika kumpa haja ya safari tu. Alimwagiza kwanza atafute mtu wa kufuatana naye, na mtu huyo kumbe alikuwa malaika Rafaeli, ambaye jina lake maana yake ni "Mungu huponya". Tena katika safari hiyohiyo ndipo ilipopatikana dawa ya macho ya mzee Tobiti. Tangu kale, basi, mwenzi wa safari na mponyaji wamekuwa kitu kimoja.

Sisi wauguzi tumeanza. Sasa katika kliniki yetu kila mgonjwa anaulizwa, "Una safari yoyote kabla ya tarehe ya kurudi?" Swali ni fupi, wala haliongezi foleni. Tunawaomba viongozi wa jumuiya nao waliulize baada ya sala. Yule mama wa mkono mzito alituambia kwamba atapanda treni tena, kwa sababu wajukuu bado wapo Dar es Salaam na yeye bado anawapenda. Safari hii atakwenda na binti wa jirani, na vidonge vyake vitakuwa kwenye mkoba wa begani.

Tunawatakia nyote safari njema, na kurudi salama.