Masega ya ekzosi si uchafu

Gari likikosa nguvu, fundi wa Tandika au Mwananyamala huinama, akagonga bomba la moshi, kisha akatoa hukumu: "Masega yameziba bosi, tuyatoe." Bomba hukatwa, masega hung'olewa, bomba huchomelewa. Gari huondoka likinguruma na mwenyewe anatabasamu.

Kilichobaki gereji ni kisafisha moshi chenye platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yanayogeuza kaboni monoksaidi kuwa kaboni dayoksaidi kabla moshi haujatoka. Ndiyo maana masega yana wanunuzi, na fundi anayeyatoa "bure" hapati hasara. Ugonjwa wenyewe mara nyingi ni plagi mbovu au injini inayokula oili, nao unabaki palepale.

Risasi iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli huua masega. Kufikia 2006 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeiondoa. Leo kazi hiyo inafutwa kwa msumeno, mchana kweupe.

Trafiki anayekagua taa na matairi apewe kipima moshi. Lakini mwenye gari asibebeshwe mzigo peke yake: gereji inayokata masega itozwe faini, na mnunuzi wa masega aulizwe ameyapata wapi.