Kipupwe cha Njombe si baridi ya Uingereza

Kila kipupwe kinapoingia katika nyanda za juu, kuanzia Lushoto hadi Makete, hurudi pia habari ya miche ya matunda ya Ulaya. Mkulima huonyeshwa picha ya kichaka kilichoinama kwa uzito wa matunda, hutajiwa bei ya kikopo kimoja katika maduka makubwa ya mjini, kisha huambiwa: kwako kuna baridi, haya yatakubali. Kauli hiyo ni ya kweli nusu. Nusu iliyobaki ndiyo inayoweza kumla mkulima mtaji wake na miaka mitatu ya kusubiri.

Ni vyema kutazama kwanza jinsi vichaka hivi vinavyotunzwa kwao. Nchini Uingereza, chini ya sheria ya mwaka 1908, halmashauri zina wajibu wa kuwapatia wananchi vijishamba vya kukodi. Kimoja cha kawaida kina kama mita za mraba 250, yaani takriban sehemu ya kumi na sita ya ekari. Humo watu hulima viazi, kabichi na matunda laini ya vichaka: karanti nyeusi, gusiberi na rasiberi.

Kazi kubwa ya vichaka hivyo hufanyika kati ya Novemba na Machi, wakati majani yamepukutika na mmea umelala. Mche hung'olewa kitaluni bila udongo wowote mizizini, husafirishwa kama fimbo kavu, na bado hushika. Karanti nyeusi hufukiwa sentimita tano hivi zaidi ya ilivyokuwa kitaluni, kisha matawi yake yote hukatwa hadi karibu na ardhi ili machipukizi mapya yatoke chini. Rasiberi zinazozaa mwishoni mwa kiangazi hukatwa zote mwezi Februari, kwa kuwa matunda yake hutoka kwenye fito za mwaka huo huo. Gusiberi hupogolewa katikati, hewa ipite. Baada ya hapo ni samadi na matandazo, na kusubiri.

Mkulima wa Njombe akisoma maelekezo hayo na kuyafuata kwa kalenda yake, atapanda Juni au Julai. Kosa la kwanza liko hapo. Majira ya baridi ya Uingereza ni ya mvua na udongo mbichi, na jua lake ni hafifu. Kipupwe cha Nyanda za Juu Kusini ni kikavu. Mche usio na udongo mizizini, tena wenye majani, ukipandwa Julai bila maji ya kumwagilia, utakuwa kuni kabla mvua za Novemba hazijafika.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo halionekani mapema. Macho ya maua ya karanti nyeusi hujifunga kabla ya majira ya baridi, na hayafunguliwi na mvua wala mbolea. Hufunguka baada ya mmea kukaa kwa saa nyingi katika baridi ya kati ya nyuzi 0 na 7 za Selsiasi, kisha joto likarejea. Aina nyingi za karanti nyeusi huhitaji saa zipatazo 1,000 au zaidi za baridi hiyo. Bluberi za asili ya kaskazini mwa Marekani huhitaji kati ya saa 800 na 1,000.

Makete usiku wa Julai ni baridi kweli, na uwanda wa Kitulo hupata sakitu. Lakini ikifika saa sita mchana jua la tropiki huwa limeshapasha joto shamba, na joto la mchana hufuta sehemu ya baridi iliyokusanywa usiku. Hata Waingereza wenyewe wameanza kuguswa na jambo hili. Majira yao ya baridi yamekuwa ya joto zaidi, na watafiti wa Taasisi ya James Hutton huko Scotland wamelazimika kutafuta aina za karanti nyeusi zinazoridhika na baridi kidogo. Ikiwa Uingereza baridi imeanza kupungua, mkulima wa Lushoto ataitoa wapi?

Mche usiopata baridi yake haufi. Laiti ungekufa, mwenye shamba angejua mwezi wa pili kwamba amepoteza na angepanda viazi. Badala yake hutoa majani, hurefuka, humpa moyo. Mwaka wa pili unatoa maua machache ncha za matawi, mwaka wa tatu vivyo hivyo. Chukua mfano wa mtu aliyenunua miche 100 kwa Sh5,000 mmoja. Sh500,000 za miche ndiyo hasara ndogo; hasara kubwa ni misimu ya viazi au njegere ambayo eneo hilo lingempa.

Haya hayana maana kwamba matunda laini hayawezekani huku. Peru imekuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa bluberi duniani kutoka pwani yake ya jangwa, ambako hakuna majira ya baridi ya kweli, na Kenya nayo huuza bluberi nje. Siri iko kwenye aina. Wakulima wa Peru walianza kwa wingi na Biloxi, aina iliyotolewa Marekani mwaka 1998, ambayo haidai baridi nyingi. Hata hivyo bluberi inataka udongo wenye uchachu wa pH 4.5 hadi 5.5 na maji ya matone, gharama ambazo mkulima wa robo ekari anapaswa kuzipiga hesabu kabla ya kutajiwa bei ya kikopo.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuza miche lisiwe "bei gani?" bali "aina gani?" Neno "bluberi" halitoshi, kama ambavyo neno "mahindi" halimtoshi mkulima anayenunua mbegu dukani. Mwenye kitalu asiyejua jina la aina anayouza, wala saa za baridi inazohitaji, anauza bahati nasibu. Mche uliotoka nje ya nchi unapaswa pia kuwa na kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Vyama vya wakulima vina nguvu ya kudai kila mche uwe na lebo yenye jina la aina, na ni ajabu kuwa havijalipigia kelele jambo hili kama vinavyopigia kelele bei ya mbolea. Na hata lebo ikiwepo, miche kumi ya majaribio inatosha kwa mwaka wa kwanza.

Kwa asiye na mtaji wa majaribio, yapo matunda yasiyodai baridi. Karakara na matunda damu hustawi nyanda za juu bila kulala. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka kwa sababu mkulima huuamsha mzabibu kwa mkasi wa kupogolea. Stroberi nayo haidai majira ya baridi ili izae. Ikipandwa penye maji, moyo wa mche ukaachwa juu ya udongo na matandazo ya majani makavu yakawekwa chini ya matunda, hulipa mapema kuliko kichaka chochote. Ugumu wake ni soko: bila ubaridi wa kuhifadhia, tunda hilo halivuki siku mbili au tatu. Mkulima wa Lushoto anayetaka kuilima ampate kwanza mnunuzi wa karibu, au sufuria ya kupikia jamu, ndipo aagize miche.