Mwenye Haki ya Kupita Ana Deni la Kutunza

Wasomaji wengi wa gazeti letu hutembea kila siku. Twatembea kwenda shule, kwenda kisimani, kwenda sokoni na kwenda kuwatazama wagonjwa. Lakini ni wachache kati yetu watembeao bila safari. Ukimwona mtu apanda mlima na kushuka, hana mzigo kichwani wala jamaa wa kumzuru, huenda ukadhani amepotelewa na ng'ombe. Kwa hiyo wenzetu wengi hucheka wasikiapo kwamba huko Uingereza walikuwako watu waliofungwa gerezani kwa kisa kilichoanza na matembezi ya mlimani. Nionavyo mimi, kisa hicho si cha kuchekwa. Kina fundisho juu ya haki ya watu wote, na fundisho jingine, lisilosemwa sana, juu ya deni liifuatalo haki hiyo.

Katika jimbo la Derbyshire kiko kijiji kiitwacho Edale. Kwa hakika ni vijiji vidogo vitano vilivyotawanyika bondeni, na majina ya vyote huishia na neno Booth, maana yake kibanda, kwani hapo zamani palikuwa na vibanda vya wachungaji wa ng'ombe. Upande wa kaskazini ardhi yainuka mpaka kufikia nyika pana ya Kinder Scout, yenye kimo cha futi 2,087, yaani mita 636. Huko juu hakuna mashamba, na miti ni haba. Kuna upepo, majani magumu, vichaka vifupi vyenye maua ya zambarau, na udongo mweusi wa mboji uliolowa maji. Mgeni akishikwa na ukungu huko hupotea upesi.

Kutoka kijijini njia za miguu zaenda pande zote. Nyingine hupita kati ya kuta za mawe za mashamba ya kondoo. Nyingine hufuata kijito cha Grindsbrook. Na nyingine hupitia Upper Booth na kupanda ngazi za mawe ziitwazo Jacob's Ladder. Njia hii ya mwisho ni ya kale. Farasi wa mizigo waliipita kwenda Hayfield, ng'ambo ya mlima, zamani kabla ya reli. Njia hizi hazikuchorwa kwanza na serikali kwa ajili ya watalii. Zilifanywa na miguu ya watu wenye shughuli zao, kama zilivyofanywa njia zetu.

Basi ugomvi ulitoka wapi? Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya nyika, iliyokuwa malisho ya watu wote, iligawanywa na kuwa mali ya wachache. Wenye mali waliitumia kuwinda ndege wafananao na kwale, na wakaweka walinzi wa kuwafukuza wapitao. Lakini upande mmoja wa milima hiyo uko mji wa Manchester, na upande wa pili uko mji wa Sheffield. Miji hiyo ilijaa wafanyakazi wa viwandani walioshinda wiki nzima katika moshi na kelele. Reli ilipofika Edale mwaka wa 1894, mfanyakazi aliweza kupanda gari la moshi siku ya Jumapili na kuiona milima karibu. Aliiona, lakini sehemu kubwa ya nyika hakuruhusiwa kuikanyaga.

Siku ya Jumapili, tarehe 24 Aprili 1932, watu wapatao 400 walitoka Hayfield wakapanda Kinder Scout bila ruhusa. Kiongozi wao mmoja, Benny Rothman, alikuwa kijana wa miaka 20. Kundi jingine lilitoka upande wa Edale, wakakutana huko juu. Palitokea mapambano na walinzi, na waliporudi polisi waliwakamata watu sita. Watano walihukumiwa vifungo vya kati ya miezi miwili na miezi sita. Yafaa ijulikane kwamba hawakufungwa kwa kuingia katika ardhi ya mtu, ila kwa mashtaka ya fujo. Hata viongozi wengi wa vyama vya watembeaji hawakupendezwa na tendo lao wakati ule. Lakini habari za vifungo hivyo zilienea, na watu waliokuwa hawajali wakaanza kuuliza: Je, ni haki mlima kufungwa kama sanduku?

Jibu lilikuja polepole. Mwaka wa 1949 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya hifadhi za taifa, nayo iliziagiza halmashauri kuchora ramani za njia za miguu zilizo haki ya umma. Mwaka wa 1951 milima hiyo ya Edale ikawa sehemu ya hifadhi ya kwanza ya taifa katika nchi hiyo. Tarehe 24 Aprili 1965 ilifunguliwa njia ndefu iitwayo Pennine Way, yenye maili 268, ianziayo Edale na kuishia Kirk Yetholm katika Scotland. Sheria ya mwaka wa 2000 iliwapa watu ruhusa ya kutembea katika nyika zilizoonyeshwa kwenye ramani hata nje ya njia, na huko Kinder ruhusa hiyo ilianza mwaka wa 2004. Mwaka wa 2002 Duke wa Devonshire, ambaye babu yake alikuwa mmoja wa wenye mali wa mwaka wa 1932, aliomba radhi mbele ya watu.

Wengi wakisimulia kisa hiki huishia hapo, wakapiga makofi. Mimi naona hapo ndipo penye mwanzo wa kazi. Kwani mguu mmoja hauumizi nyika, lakini miguu maelfu kwa maelfu huichana. Njia ya kwanza ya Pennine Way ilipanda kwa Grindsbrook na kukatiza nyika ya juu. Watu walipoona matope wakayakwepa kwa kupita pembeni. Pembeni napo pakawa matope. Wa nyuma yao wakapita mbali zaidi. Hivyo mahali pengine njia nyembamba iligeuka kuwa uwanja wa tope jeusi. Mwishowe wakuu wa njia waliihamisha, na sasa hupitia Upper Booth na Jacob's Ladder. Si haki kuwatwika watembeaji lawama yote, maana moshi wa viwanda uliua ukoga unaohifadhi maji ya nyika, na kondoo na moto pia viliharibu. Lakini sehemu yao wanayo, nao hawawezi kuikana.

Dawa yake ilikuwa jasho. Palipoharibika sana yalilazwa mawe bapa, mengine yakiletwa kwa helikopta. Mengi ya mawe hayo yalitoka katika sakafu za viwanda vya nguo vilivyobomolewa. Tazameni basi: mawe yaliyokanyagwa na wafanyakazi siku sita kwa juma sasa yawabeba watoto wa watoto wao siku ya mapumziko! Tangu mwaka wa 2003 kuna pia kazi kubwa ya kuziba makorongo na kupanda tena majani na ukoga, ili maji yakae mlimani.

Huenda mtu akasema, "Kama watu wanaharibu, afadhali nyika ifungwe tena." Sikubaliani naye. Mlima uliofungwa huwa na mlinzi wa kulipwa tu, lakini mlima upendwao na watu wengi huwa na walinzi wengi, mradi wafundishwe. Mwingine atasema, "Haki ni haki, mimi nimeruhusiwa, kutengeneza ni kazi ya serikali." Huyo namwogopa zaidi. Mkulima wa Edale anaishi kwa kondoo wake. Mpitaji akiacha lango wazi, akipanda ukuta wa mawe mahali pasipo ngazi, au akimwacha mbwa wake akimbie huko na huko wakati ndege wanapolalia mayai chini, hasara ni ya mwenyeji. Sheria imemlazimu mkulima asiizibe njia ya umma. Basi mpitaji naye ana sharti lake, hata pale ambapo hakuna askari wa kumwona.

Jambo hili halikai Uingereza tu. Milima yetu ya Rwenzori ina nyika pia, na katika bwawa la Bigo wapandaji wamejengewa njia za mbao, kwa sababu miguu ililigeuza kuwa tope la kufika magotini. Mbao huoza, na lazima zibadilishwe. Nani atazibeba? Hadi sasa ni wenyeji wa chini ya mlima, ambao migongo yao hubeba pia mizigo ya wageni.

Kwa hiyo natoa shauri langu. Kila shule yenye chama cha wapanda milima iweke desturi hii: kwa kila safari mbili za kujifurahisha, safari ya tatu iwe ya jembe. Wanafunzi wachimbe mifereji ya kutoa maji njiani, wapange mawe penye utelezi, wakate miiba, na kwanza wawaulize wenyeji ni wapi panapohitaji mkono. Kijana atakayefanya hivyo hatahitaji kuambiwa asikate njia ya mkato wala asitupe taka, kwani hakuna aharibuye kwa urahisi kitu alichokitolea jasho. Na siku itakapotokea mtu kutaka kuifunga njia ile kwa seng'enge, watakuwako wengi watakaoweza kusimama na kusema kwa haki, "Njia hii ni yetu, kwani sisi ndio tunaoitunza."