Nadzua si Najua

Mimi ni wakala wa M-Pesa hapa Ukunda, na kazi hii imenifanya msomaji wa vitambulisho. Mteja akija kutoa pesa, nasoma jina kwenye kadi kisha nalilinganisha na la kwenye simu. Kina Fatuma, Halima, Mwanaisha na Mishi nawahudumia kutwa. Wasichana waliochukua kitambulisho juzijuzi ni kina Nasra na Nawal. Nadzua humwona kwa nadra, na akija mara nyingi huja na kesi.

Majuzi alifika mama mmoja kutoka Kinango. Kadi yasema Nadzua, laini imesajiliwa Nazua. Pesa ametumiwa na mwanawe, ziko kwenye simu anaziona, na mimi siwezi kumpa. Nauli ya kurudi kwao nilimtolea mfukoni mwangu.

Jina hilo alikuwa nalo nyanya yangu, Mduruma aliyeolewa Msambweni, na sasa analo mtoto wa kaka yangu. Kwa Waduruma msichana aliyezaliwa jua likiwaka huitwa Nadzua, wa wakati wa mvua akaitwa Nyamvula. Baadaye wajukuu hulirithi tu, hata wakizaliwa katikati ya masika. Matamshi yake ni mepesi. Ulimi ugusishe nyuma ya meno ya juu kama unayetaka kusema d, kisha iachie z itoke hapohapo bila kupumzika: na-dzu-a, mkazo kwenye dzu.

Mwalimu wa huyu mtoto hakujisumbua. Alisoma rejista "Najua", na darasa zima likaitikia, "Unajua nini?" Mpaka mwisho wa muhula ikawa ndiyo salamu yake uwanjani. Akarudi nyumbani analia, ataka aitwe Nadia. Kaka alikuwa karibu kukubali. Nikamwambia, "Kaka, huyu ni somo wa nyanya. Ukimbadilisha jina, nyanya unamwambia nini?" Akanyamaza, nami nikaenda kuonana na mwalimu.

Nasikia hoja kwamba jina la kutatiza humtesa mtoto. Mbona Wanjiru na Kipchoge hawatatizi mtu? Nyambura, binti wa mvua wa Kikuyu, anajulikana Kenya nzima. Nyamvula wetu, wa mvua ileile, nimemwona kwenye kadi ameandikwa Nyambura, kwa sababu karani alidhani anamsahihishia. Kilichowazoeza watu majina ya bara ni kuyasikia redioni na shuleni kila siku. Hata hiyo dz ilisikika kitaifa Mwanaisha Chidzuga alipokuwa akisoma habari kwenye runinga na kujitaja mwenyewe, na mama yake, Zainab Chidzuga, alipochaguliwa mwaka 2013 kuwa mwakilishi wa kwanza wa wanawake wa Kwale bungeni. Sikumbuki nchi ikikwama.

Hotelini Diani ni vivyo hivyo. Nadzua mwingine, jirani yangu, alipewa beji ya "Nadia" ati wageni wasihangaike. Wageni gani? Mtaliano akihesabu huanzia kwenye dz, maana zero yao wanaitamka dzero. Na Wapolandi, ambao siku hizi tunawaona wengi ufuoni, dz ni sauti ya kwao tangu utotoni. Anayehangaika ni meneja.

Lawama nyingine ni yetu wazazi. Jina la nyanya tunalitumia uani, kwenye fomu tunaandika la kutoka kwenye tamthilia. Halafu twalalamika limeadimika.

Kifungu cha 53 cha Katiba chasema kila mtoto ana haki ya jina tangu kuzaliwa. Basi anayejaza fomu ya kuzaliwa, awe muuguzi wa wadi ya wazazi au naibu wa chifu, amwombe mama alitaje jina herufi kwa herufi, kisha amsomee alichoandika kabla ya kupiga muhuri. Ni kazi ya dakika moja. Kosa likishapita hapo, litamfuata mtoto shuleni, kwenye kitambulisho, kwenye laini ya simu na hadi dirishani kwangu, na kulirekebisha ni hati ya kiapo, ada na safari za Kwale mjini ambazo yule mama wa Kinango bado hajamaliza.