MUHOGO UNAPOPUKUTISHA MAJANI

Ndugu mkulima wa Kibaha na Kisarawe, je, muhogo wako unapukutisha majani? Usiung'oe haraka. Uchunguze kwanza.

Kama ni kiangazi, na majani ya juu bado ni ya kijani, usiogope. Muhogo unapunguza majani ili uvumilie ukame. Mvua zikinyesha utachipua tena.

Lakini tazama majani ya chini. Je, yana mabaka ya manjano kando ya mishipa? Je, shina lina michirizi ya kahawia? Chimba muhogo mmoja, uukate. Ukiona ndani madoa makavu ya kahawia, huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Wataalamu wa Amani, Tanga, waliutambua tangu miaka ya 1930. Huenezwa na inzi weupe na vipando vyenye ugonjwa.

Ugonjwa huu hauna dawa. Ng'oa mashina yote yenye dalili, uyachome. Usipande vipando vyake. Jirani akikuomba, usimpe; utampa njaa. Mwone Bwana Shamba upate mbegu safi inayovumilia ugonjwa, kama Kiroba.

Kagua shamba mapema. Shina laweza kusimama, na chini muhogo umeoza.