Mcheza Kwao Hutunzwa

Hapana ngoma duni. Duni huwa nia ya mchezaji. Kijana wa Ramisi akijitoa kucheza sengenya mbele ya watu kwa ahadi ya fedha, na akawataka wenzake wacheze kama yeye au watoe zaidi, ili waliotekwa na unga wapate matibabu, yumo katika kazi njema. Hata hivyo, msomaji, utasikia sauti mbili zikimlaumu. Zote mbili zastahili jibu.

Sauti ya kwanza husema kuwa msiba hauchezewi ngoma. Lakini pwani yetu imecheza kwa mashindano tangu zamani. Katika karne ya 20 vyama vya beni na lelemama vilishindana Mombasa na Lamu, vikitumia mali kwa mavazi na karamu ili kuwashinda wapinzani. Ikiwa ushindani uliweza kufungua mifuko kwa ajili ya majivuno, kuna haya gani kuifungua kwa ajili ya uhai? Mwaka 2014 watu wa Marekani walijimwagia maji ya barafu vichwani, wakawataka wenzao wafanye vivyo hivyo au watoe fedha. Wako waliowacheka. Lakini chama kimoja kinachopambana na maradhi ya neva yanayolemaza mwili kilipata zaidi ya dola milioni 115. Kicheko kilipita, fedha zikafanya kazi.

Sauti ya pili ni kali zaidi: aliyejitia shimoni na ajitoe mwenyewe. Hii si hekima, bali ni ukatili uliovaa kilemba cha hekima. Mwanzo wa kutumia unga huenda ulikuwa hiari. Mwisho wake ni maradhi. Heroini huuzoeza mwili hata ukaumwa unapoikosa: maungo huuma, matapishi huja, usingizi hutoweka. Dawa ipo. Tanzania ilianza kutoa methadoni Muhimbili mwaka 2011. Kenya ikafuata Mathari, Nairobi, mwaka 2014, na baadaye huduma ikafika Kwale. Dawa hii hutuliza kiu ya unga, lakini kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mwuguzi, kwa miezi na hata miaka. Hesabu basi, msomaji: mtu asiye na kazi, katika mji ambao kiwanda chake cha zamani cha sukari kilifungwa mwaka 1988, atapata wapi nauli ya kwenda na kurudi leo, kesho na kesho kutwa? Siku anayoikosa, maumivu humrudia, na unga humwita tena. Shilingi ya ngoma si tuzo la uzembe. Ni nauli ya kurudi katika uzima.

Lawama moja tu naikubali: ngoma isiyo na hesabu ni wizi wenye midundo. Fedha zihesabiwe hadharani na zilindwe na watu zaidi ya mmoja. Wala mgonjwa asitolewe uwanjani atazamwe kama kioja. Aibu haijamponya mtu.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wewe cheza, nalo tuzo limwendee mgonjwa. Naye akipona, mpe salamu na nafasi kando yako, kwa maana utakuwa umempa nauli bure ikiwa atakaporudi nyumbani hatapata wa kumpokea.