Punda Afe, Mzigo Ufike? Tuikatae Methali Hii

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea, jitazame ulivyokaa. Je, shingo yako imeinama? Mgongo umejikunja kama upinde? Kama umekaa hivyo kwa muda mrefu, inua kichwa, nyoosha mgongo, zungusha mabega, kisha tuendelee. Leo nataka tuzungumze juu ya mgongo, shingo na mizigo yetu.

Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati ya kijiji, huku upande wa Isaka. Umri wangu haujafika miaka 30, na wengi wanaokuja kwangu kulalamika mgongo ni wazazi wangu kwa umri. Katika msimu mmoja wa kilimo mama mmoja alifika mara tatu. Kila mara shida ilikuwa ile ile: "Mwanangu, kiuno kinawaka na shingo haigeuki." Mara ya kwanza nilimpa vidonge vya kutuliza maumivu. Mara ya pili nikampa tena. Mara ya tatu niliona haya. Niliweka kalamu chini nikamwuliza, "Mama, tangu unapoamka mpaka unapolala unafanya kazi gani?"

Akanieleza. Alfajiri ndoo mbili za maji. Kisha shamba, jembe mkononi na mjukuu mgongoni, mpaka jua la saa saba. Akirudi, mzigo wa kuni kichwani. Jioni ndoo mbili tena. Hapo nilifahamu kwamba nilikuwa natibu maumivu huku mzigo nikiuacha kichwani pake.

Watu husema mgongo unauma kwa sababu ya uzee. Wengine husema ni figo, na wengine husema wamerogwa. Mimi nasema kwamba mara nyingi mgongo wa mkulima unaumizwa na namna anavyoinama na uzito anaoubeba. Tena nasema kwamba kosa si la mgongo wala la mwenye mgongo. Kosa ni la mzigo, na mzigo unaweza kupunguzwa.

Kwanza tuelewe mwili. Uti wa mgongo umeundwa kwa pingili. Shingoni zipo 7, kifuani 12 na kiunoni 5, na chini yake kuna mifupa iliyoungana. Kati ya pingili nyingi kuna kipande laini mfano wa mpira, ambacho kazi yake ni kupunguza mshindo. Kichwa cha mtu mzima peke yake kina uzito wa kilo 4 hadi 5 hivi. Kichwa kikiwa sawasawa juu ya mabega, mifupa inakibeba bila taabu. Kikiinama mbele, misuli ya nyuma ya shingo inalazimika kukivuta wakati wote, kama mchungaji anayezuia dume la ng'ombe kwa kamba. Fundi cherehani anajua jambo hili. Siku hizi hata vijana wanaoinamia simu kutwa nzima wanalijua.

Jaribu pia jambo hili. Shika ndoo yenye maji karibu na tumbo. Kisha nyoosha mikono, ndoo iwe mbali nawe. Ndoo ni ile ile, lakini kiuno kinalia. Ndiyo maana mtu anayeinua gunia akiwa ameinama, na gunia liko mbali na miguu yake, huumia zaidi kuliko yule anayelivuta kwanza karibu na mwili.

Lakini tusidanganyane kwamba ipo namna moja tu iliyo sahihi ya kusimama au kukaa. Mwili umeumbwa uiname, uchutame na ugeuke. Kinachouumiza ni mambo matatu: uzito uliopita kiasi, kukaa namna moja kwa muda mrefu, na kurudia kazi ile ile bila kupumzika. Tazameni sasa jinsi mambo hayo matatu yalivyo katika maisha yetu.

Tuanze na ndoo. Mwaka 1986 wataalamu walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa Kenya kwa akina mama wa Kijaluo na Kikuyu waliozoea kubeba mizigo. Waliona kwamba mama aliyezoea anaweza kubeba mzigo wa kiasi cha asilimia 20 ya uzito wake bila kutumia nguvu zaidi ya anazotumia akitembea mikono mitupu. Kwa hiyo akina mama zetu ni mafundi kweli kweli. Mwendo wao na kichwa chao kilichotulia juu ya ngata ni elimu. Lakini hebu tupige hesabu. Mama mwenye kilo 50, asilimia 20 yake ni kilo 10. Ndoo yetu ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20, na ndoo yenyewe hatujaipima. Hiyo ni mara mbili ya kipimo kile. Tena uchunguzi ule ulipima nguvu za mwili, haukupima maumivu ya shingo. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo mengine kutoka Afrika ya Kusini, Ghana na Vietnam. Huko ilionekana kwamba wanaobeba maji hulalamika maumivu ya mikono na ya mgongo wa juu kuliko wale ambao hawajapata kubeba.

Na msichana wa darasa la nne mwenye kilo 25 tunamtwisha ndoo ile ile! Huyo amebeba karibu uzito wake mwenyewe.

Jambo la pili ni jembe. Mpini mfupi unamlazimisha mkulima kuinama mpaka kichwa kinakaribia magoti. Anakaa hivyo saa nne au tano, na mama anaongeza mtoto mgongoni. Mtoto hana kosa. Tena kumbeba huku miguu yake imepanuliwa kiunoni mwa mama ni kuzuri kwa nyonga zake. Lakini kumbeba na kulima kwa mpini mfupi kwa wakati mmoja ni mizigo miwili juu ya kiuno kimoja.

Jambo la tatu ni gunia. Hapa Isaka reli inakutana na barabara, na shehena za kwenda Rwanda na Burundi hupitia katika bandari yetu ya nchi kavu. Kreni zinainua makontena, lakini pembeni, magulioni na kwenye maghala, mpunga na mahindi bado vinapandishwa garini kwa mabega ya vijana. Mtaona kijana anatwishwa gunia la kilo 100 na zaidi, anakimbia nalo juu ya ubao, na wenzake wanamshangilia. Akifika umri wa miaka 35 anatembea ameshika kiuno.

Hebu tukumbuke historia yetu. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walisafirisha mizigo kati ya bara na pwani, mpaka Bagamoyo. Mzigo wa kawaida wa mpagazi mmoja ulikuwa kilo 30 hivi. Leo, katika nchi huru, tunambebesha kijana mara tatu ya mzigo wa msafara ule! Ni kweli kwamba mpagazi alitembea miezi na kijana wetu anatembea hatua chache. Hata hivyo pingili za kiuno ni zile zile. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kwamba mahali ambapo mwanaume mzima anaruhusiwa kubeba zaidi ya kilo 55, kiwango kipunguzwe haraka kifikie hapo. Wanawake na vijana wapewe pungufu zaidi. Nayo lumbesa Serikali imeipiga marufuku. Watu huiona lumbesa kuwa ni wizi wa jasho la mkulima sokoni. Mimi nasema pia ni wizi wa mgongo wa mbebaji.

Jambo la nne ni machimbo. Vijana wetu wengi huenda Geita na Kahama kutafuta dhahabu. Mchimbaji mdogo anapiga nyundo akiwa amechuchumaa au amelala ubavu mahali pembamba, kisha kiroba cha mawe kinapandishwa juu kwa mabega na kamba. Juu nako kuna akina mama wanaoponda mawe wakiwa wamekaa chini kutwa nzima, shingo imeinama. Tunasikia mashimo yanapoporomoka, lakini migongo inayoporomoka kidogo kidogo haitangazwi.

Mzee mmoja aliposikia maneno yangu aliniambia, "Mwanangu, sisi tulilima tumeinama tangu utoto, tukawalea ninyi, na hatukufa." Shikamoo mzee, ni kweli hamkufa. Lakini nilimwomba asimame kutoka kwenye kigoda chake, akasimama kwa kushika ukuta. Tulicheka wote wawili, ila mimi moyoni sikucheka. Kuvumilia ni sifa njema, lakini uvumilivu usiwe kisingizio cha kuacha kurekebisha jambo linalorekebishika. Methali ya "punda afe, mzigo ufike" huenda inamfaa mwenye mzigo. Haimfai punda.

Basi tufanye nini? Nashauri haya:

(a) Maji yabebwe na magurudumu kadiri iwezekanavyo. Baiskeli ya nyumbani isiwe ya baba kwendea gulioni tu. Ibebe maji, na baba ashike usukani. Mkokoteni wa ng'ombe au punda nao ubebe maji na kuni, siyo pamba peke yake.

(b) Mtoto abebe chombo cha kadiri yake. Lita 5 mara mbili ni bora kuliko lita 20 mara moja. Mama mjamzito asitwishwe ndoo kubwa kabisa.

(c) Mpini wa jembe uwe mrefu kiasi cha kumwezesha mwenye jembe kulima bila kujikunja sana. Hili halina gharama kubwa.

(d) Kila baada ya nusu saa hivi simama, nyoosha mgongo, tembea kidogo. Badilisha kazi: lima, kisha palilia, kisha fanya kazi ya kusimama.

(e) Ukiinua kitu, kisogeze karibu, kunja magoti, usijipinde kiuno ukiwa umekibeba. Lakini kumbuka kwamba kukunja magoti hakuligeuzi gunia la kilo 100 kuwa jepesi. Ligawe mara mbili, au mlibebe watu wawili.

(f) Mgongo ukiuma, usilale kitandani wiki nzima. Punguza mizigo, lakini endelea kutembea na kufanya kazi nyepesi. Katika mwongozo wake wa mwaka 2023 juu ya maumivu ya kiuno yaliyodumu, Shirika la Afya Duniani limesisitiza elimu na mazoezi, na halishauri mikanda ya kiuno kama tiba ya kawaida.

(g) Acheni kununua diklofenaki dukani kama peremende. Ikitumiwa ovyo inaweza kutoboa tumbo na kudhuru figo. Mtu anameza dawa kwa kuogopa ugonjwa wa figo, kumbe dawa yenyewe ndiyo inayouleta.

Ndugu msomaji, sharti niseme na jambo hili. Si kila mgongo unaouma umeumizwa na kazi. Njoo zahanati mapema ikiwa maumivu yanaambatana na homa, kukonda au kutoka jasho usiku. Au yanazidi usiku hata umelala. Au yameanza baada ya kuanguka. Mtoto akianza kuota kibyongo, asiambiwe "simama wima" na kuachwa. Huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, nacho kinatibika kwa dawa zitolewazo bure nchini kwetu, hasa kikiwahiwa. Na kama miguu inaishiwa nguvu, ganzi imeingia sehemu za siri, au mkojo na choo havizuiliki, usingoje kesho. Huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo.

Mwaka 1973 wananchi wa nchi hii, wapatao milioni 2, walikaa katika vikundi wakasikiliza redio na kusoma vitabu katika kampeni ya Mtu ni Afya. Hawakuishia kusoma. Walichimba vyoo na kufyeka vichaka kuzunguka nyumba zao. Nami naomba vikundi vyetu vya elimu ya watu wazima vifanye vivyo hivyo juu ya jambo hili. Kikundi kipime ndoo zake, kipime mipini yake, kihesabu hatua kutoka nyumbani mpaka kisimani. Kisha kipeleke hoja katika mkutano wa kijiji: kisima kipya kichimbwe wapi, na gunia la hapa kwetu lisizidi kilo ngapi.

Yule mama hajaja tena kwa ajili ya vidonge. Mwanawe mkubwa sasa huchota maji kwa baiskeli, madumu mawili kwa safari moja. Kiuno bado humsumbua siku za kulima, lakini shingo inageuka. Juzi tulikutana njiani, akageuza kichwa kunisalimu kabla mimi sijamwona.